Henderson, Orem, Roy, Watson au Leininger: Uchague Nadharia Gani kwa Mgonjwa Uliyenaye Kitandani?

"Sista, nitumie nadharia gani?"

Swali hili hunifikia kila kundi jipya la wanafunzi linapoletwa wodini kwa mafunzo ya vitendo. Kila mmoja amepewa mgonjwa wake wa kumfuatilia, anatakiwa kuandika mpango wa huduma, na mwalimu ameshasema mpango lazima uegemee nadharia ya uuguzi. Kabla sijajibu, wengi huwa wameshaandika Henderson juu ya karatasi. Orodha yake ya mahitaji ya mgonjwa ina vipengele 14, inahesabika, inajaza kurasa. Siwalaumu, nami nilianza hivyo hivyo. Lakini ukiichagua nadharia kwa wepesi wa kuijaza, itakuonyesha yale tu ambayo ungeyaona hata bila hiyo nadharia.

Kwangu mimi nadharia ni maswali. Inayokufaa ni ile inayokulazimisha kuuliza jambo ambalo, kwa haraka za zamu, ungelipita. Ndicho kipimo nitakachotumia hapa: kila moja inakuuliza nini, inakufunulia nini kwa mgonjwa, na inakuachia wapi.

Zote zinadai kumtazama mgonjwa akiwa kamili: mwili, akili, roho, jamaa zake na mahali anapoishi. Darasani tunaita huduma holistiki. Kiswahili kilishayakusanya hayo katika neno moja, kwani tukiulizana "u mzima?" tunauliza afya, tunauliza uhai, na tunauliza kama mtu yupo wote bila kupungukiwa. Neno la kigeni lenyewe si la zamani. Lilibuniwa na Jan Smuts wa Afrika Kusini katika kitabu chake cha mwaka 1926. Smuts huyo ndiye aliyeongoza majeshi ya Uingereza dhidi ya Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki mwaka 1916. Katika vita hivyo makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, na kambi yao Dar es Salaam ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo. Alitetea pia utengano wa rangi. Nalitaja hili, mtu kuuandikia ukamilifu kitabu huku akiwagawa watu, kwa sababu linaniuma, na kwa sababu wodini linawezekana vilevile: fomu imejazwa vipengele vyote, na mwenye kitanda hajaulizwa neno.

Tuwe na mgonjwa mmoja wa mfano, niliyemuunda kutokana na wengi niliowahudumia. Ni mama wa miaka 56, muuza vitumbua huko Tanga, mwenye kisukari kwa miaka tisa. Kaa la moto lilimdondokea mguuni akiwa jikoni, asihisi, kwa kuwa kisukari kilishaua mishipa ya fahamu ya nyayo. Akapaka jivu. Wiki tatu baadaye kidole gumba kilikuwa kimeoza, kikakatwa. Leo ni siku ya nne baada ya upasuaji. Anachomwa insulini asubuhi na jioni, binti yake analala sakafuni kando ya kitanda, na mama mwenyewe muda mwingi ameugeukia ukuta.

Nightingale: anzia hapo, usiishie hapo

Kitabu cha Florence Nightingale cha mwaka 1859 kinauliza hewa, mwanga, maji, usafi, chakula na kelele. Kule Scutari, Uturuki, alikofanya kazi wakati wa vita vya Crimea, vifo vya askari vilipungua sana baada ya tume ya usafi iliyofika mwaka 1855 kuzibua mifereji ya maji machafu chini ya hospitali na kufungua njia za hewa. Kwa mama yetu maswali ni haya: neti ina matundu? Kitanda kiko jirani na choo kinachonuka? Taa zikiwaka usiku kucha, analala saa ngapi? Mkuu wa wodi na wanaohusika na kuzuia maambukizi hawawezi kuikosa nadharia hii. Kwa mpango wa mgonjwa mmoja ni nyembamba, maana haigusi kilichomgeuza mama ukutani.

Henderson au Orem?

Hapa ndipo wengi wanapokwama, nami nitakaa kidogo.

Virginia Henderson, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1897, aliandika kijitabu cha kanuni za msingi za uuguzi ambacho Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilikichapisha mwaka 1960 na kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Mahitaji yake 14 yanaanza na kupumua, kula na kunywa, kwenda haja, kujongea, kulala, kuvaa, joto la mwili, usafi na kujikinga na hatari. Kisha yanakwenda kwenye kuwasiliana, kuabudu, kufanya kazi, kuburudika na kujifunza. Tisa za mwanzo wanafunzi huzijaza vizuri sana. Wakifika namba 11, kuabudu, wanaandika "Mwislamu". Namba 12, kazi, wanaandika "mfanyabiashara ndogondogo". Hayo ni majibu ya dirisha la mapokezi. Henderson aliuliza kama mgonjwa anaweza kuabudu kwa namna ya imani yake akiwa hapo alipo: anatawadhaje na kidonda kimefungwa bandeji? Kibla kiko upande gani kutoka kitanda namba sita?

Hazina yake kubwa wengi huipita. Katika maelezo yake ya kazi ya muuguzi, anasema tunamsaidia mtu kufanya yale ambayo angeyafanya mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au maarifa ya kutosha. Tenganisha hayo matatu. Mama hamalizi chakula chake. Kama ni nguvu, mkalishe, mshikie kijiko. Kama ni maarifa, labda anaogopa kwamba kila wanga ni sumu, mweleze. Kama ni nia, hakuna kijiko kitakachosaidia, na itabidi uvute kiti. Andiko "hali chakula vizuri" katika ripoti ya zamu linaficha wagonjwa watatu tofauti.

Dorothea Orem, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1971, anauliza kwa njia nyingine. Mtu huyu anajitunza kwa kiasi gani, anahitaji kutunzwa kwa kiasi gani, na pengo la katikati ni la nani? Kwa jibu hilo unachagua moja ya mifumo mitatu. Siku ya upasuaji, mama akiwa hajazinduka sawasawa, unamfanyia kila kitu. Leo, siku ya nne, mnagawana: ananawa uso na kujipaka mafuta, wewe unasafisha kidonda. Wiki ijayo, akikaribia kwenda nyumbani, kazi yako ni kufundisha na kumtia moyo huku yeye akijichoma sindano mbele yako.

Tofauti inaonekana siku ya kuruhusiwa. Mpango wa Henderson unaweza kukamilika wodini, mahitaji yote 14 yakiwa na alama ya vema, na mama akarudi nyumbani kusiko na friji ya kuwekea insulini. Orem hakuachii. Atakutaka ujue kwamba kichupa kitakaa katika chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa zaidi, katikati mchanga uliolowa, kivulini. Atakutaka pia ujue ni nani atakayeulowesha mchanga huo kila siku. Kwa kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu na dawa za VVU, ambako tiba yenyewe inaishi nyumbani, mimi humchagua Orem bila kusita. Kwa mgonjwa asiyejitambua, au aliye katika wodi ya uangalizi maalumu, Henderson anaenda haraka na hakosi kitu.

Orem ana kasoro mbili ambazo huku kwetu lazima uzijue. Kwanza, kipimo chake ni mtu mmoja anayejitegemea, na huku mtu hujitunza akiwa ndani ya watu. Mama anayemwacha binti yake amwogeshe si lazima awe na upungufu. Huenda anampa binti nafasi ya kupata radhi zake. Orem mwenyewe aliacha mlango kwa wanaomtunza asiyejiweza, basi utumie mlango huo, mwandike binti kwa kazi zake katika mpango. Pili, wauguzi wakiwa wachache, "ajitunze mwenyewe" hugeuka haraka kuwa kisingizio. Nimeona mgonjwa akiambiwa ajifunge bandeji kwa jina la Orem, na kwa kweli ni kwa sababu zamu ilikuwa na muuguzi mmoja.

Roy au Neuman?

Callista Roy ni mtawa na muuguzi. Akiwa anahudumia watoto, alishangazwa na jinsi wanavyoyazoea mabadiliko makubwa ya miili yao, na mwaka 1970 akaanza kuchapisha mfano wake wa kukabiliana na mabadiliko. Anakutaka umtazame mgonjwa katika njia nne: mwili, anavyojiona, nafasi yake miongoni mwa watu, na wale anaowategemea na wanaomtegemea. Kisha anakutaka utenge vichocheo vitatu. Kuna kile kinachomkabili sasa hivi, kuna vinavyokizunguka, na kuna vya zamani vilivyofichika.

Mweke mama hapo. Kinachomkabili ni kidole kilichokatwa. Kinachokizunguka ni wateja wa vitumbua ambao kwa siku hizi wamehamia kwa jirani, na kodi ya chumba inayokaribia. Cha zamani, ambacho utakipata tu ukikaa, ni mama yake mzazi aliyekatwa mguu na kufa mwezi huo huo. Ndicho kilichomgeuza ukutani. Yeye hakioni kidole, anaona mwanzo wa kifo. Henderson angeweza kukupitisha hapo bila kukigusa, Orem pia.

Kwa aliyekatwa kiungo, aliyeondolewa titi, aliyepooza upande mmoja, au aliyejifungua mtoto asiye hai, chagua Roy. Gharama yake ni muda, kwa sababu tathmini ni ya hatua mbili na maneno yake ni mazito. Mwanafunzi mwenye wiki mbili na mgonjwa mmoja anaweza. Zamu ya usiku haiwezi.

Betty Neuman, wa mwaka 1972, anamchora mtu akizungukwa na mistari ya ulinzi, na kazi ya muuguzi ni kinga za ngazi tatu: kabla dhara halijaingia, likishaingia, na baada ya tiba ili lisirudi. Kwa muuguzi wa zahanati au wa afya ya jamii huyu ni bora kuliko Roy, kwa sababu "mteja" wake anaweza kuwa kaya au kijiji kizima. Koleo la kushikia makaa na viatu vya kufunika vidole vingemkinga mama kabla ya kaa kudondoka. Ndani ya wodi mfano huu haukuongezei mengi.

Peplau, aliyeandika mwaka 1952 juu ya uhusiano wa muuguzi na mgonjwa, ni wa wanaofanya kazi katika afya ya akili. Ukipangiwa hospitali za akili za Mirembe au Mathari, msome kabla ya wote niliowataja.

Watson au Leininger?

Hawa wawili hutajwa pamoja kwa kuwa wote wanakataa mgonjwa afanywe mashine, lakini wanaelekea pande mbili. Jean Watson anakuuliza wewe: umekujaje kwa mtu huyu? Madeleine Leininger anauliza juu ya yeye: kwao, kutunzwa vizuri maana yake nini?

Watson alichapisha kitabu chake cha falsafa na sayansi ya kujali mwaka 1979, chenye vipengele 10. Miongoni mwake kuna kumjengea mgonjwa imani na matumaini, kumsikiliza anapotoa hisia njema na mbaya, na kuiheshimu roho yake. Nampenda. Lakini nimewahi kuwa peke yangu usiku na wagonjwa 38, na usiku huo Watson alinitia hatia kuliko alivyonisaidia. Baadaye nilijifunza kuchukua kwake kiasi kinachobebeka: kabla ya sindano, mwite mgonjwa kwa jina analoitwa kwao, shuka usawa wa macho yake, umwache amalize sentensi moja. Hilo ni jambo la dakika moja. Kama kiunzi cha mpango wa huduma, hata hivyo, simpendekezi kwa mwanafunzi. Malengo yake hayapimiki kwa urahisi, na utajikuta unaandika "mgonjwa atahisi anapendwa ndani ya saa 24".

Leininger alikuwa muuguzi aliyesomea pia anthropolojia na akaishi na Wagadsup wa Papua New Guinea. Nilimsoma chuoni, nikafaulu mtihani, nikamsahau. Bibi mmoja ndiye aliyenikumbusha.

Alikuwa na kisukari, amelazwa kwa mara ya kwanza kuanzishiwa insulini. Nilimfundisha kwa utaratibu wote wa Orem: wapi pa kuchoma, kuzungusha sehemu za kuchoma, dalili za sukari kushuka. Akarudia mbele yangu bila kosa. Nikaandika kwamba lengo limefikiwa, akaruhusiwa. Siku chache baadaye akaletwa hajitambui, sukari imeshuka mno. Ilikuwa Ramadhani. Alikula daku, akajichoma dozi ya asubuhi kama nilivyomfundisha, akanuia kufunga. Alipozinduka nikamuuliza: "Bibi, mbona hukuniambia kwamba utafunga?"

Akaniangalia. "Mwanangu, hukuniuliza."

Na katika jalada lake, kwa mwandiko wangu, palikuwa pameandikwa: Dini, Mwislamu.

Tangu hapo njia tatu za Leininger nazitumia kama maswali matatu kwa kila mgonjwa. Kipi katika desturi zake nikiache na kukilinda? Kipi tujadiliane mpaka tukutane? Kipi hakina budi kubadilika, na tukibadilishe naye vipi bila kumvunjia heshima? Kwa mama wa vitumbua, dua ya ndugu kando ya kitanda inalindwa, hata kama imevuka saa ya kutazama wagonjwa kwa dakika kumi. Kula sinia moja na wajukuu ni jambo la kujadiliana: wali wake upakuliwe kwanza kwa kipimo, kisha aketi nao kwenye sinia. Kuvua viatu mlangoni ni adabu, na mguu usiohisi hautakiwi kukanyaga chini mtupu. Basi awe na ndara safi za ndani ambazo hazitoki nje, nyumba ibaki safi na mguu ubaki salama. Saumu inazungumzwa na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi, kwa kuwa dini yenyewe inampa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, au kulisha maskini ikiwa maradhi ni ya kudumu. Jivu kwenye kidonda ndilo linalobadilika, halina mjadala, ila mweleze kwa nini, maana aliyemfundisha kulipaka alikuwa akimpenda.

Hatari ya Leininger ni kukariri makabila: Wamasai wako hivi, Wapemba wako vile. Ukifika hapo umeacha kumuuliza mtu na unakisoma kibandiko. Kumbuka pia kwamba hospitali ina desturi zake, na mgonjwa hakuzaliwa nazo.

Mgonjwa asiyetarajiwa kupona

Wengi humaliza chuo bila kutajiwa Cicely Saunders miongoni mwa wananadharia, kwa kuwa alikuja kuwa daktari. Alianza akiwa muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice mjini London. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya akili, ya jamii na ya roho kwa pamoja, na kwamba ukitibu moja ukaacha mengine, hata lile ulilotibu halitulii. Mafundisho hayo yalifika kwetu kwa vitendo. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990 na Hospice Africa Uganda mwaka 1993, ikitumia mofini ya maji ya kunywa. Tangu mwaka 2004 Uganda imeruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa mofini.

Katharine Kolcaba naye ana nadharia ya faraja yenye jedwali rahisi kujaza: nafuu, utulivu, na kuinuka juu ya maumivu. Kwa ripoti ya chuo Kolcaba ni mwepesi zaidi. Kwa mgonjwa wa saratani anayelia usiku licha ya dozi kuongezwa, Saunders ndiye atakayekufanya umuulize kama kuna mtoto ambaye hajaja kumwona.

Je, naweza kuchanganya?

Walimu wengi hukataza, na wana sababu. Orem anaona mafanikio pale muuguzi anapozidi kujiondoa. Watson anaona huduma katika ule ukaribu wenyewe. Ukiwaweka wote kuwa msingi, malengo yako yatavutana. Ninachofanya ni kuchukua nadharia moja iwe kiunzi, kisha kuazima maswali ya nyingine moja pale kiunzi kinapokuwa kipofu, na kuandika wazi kwamba nimeazima. Mbili zinatosha.

Kwa mama wa vitumbua ningechukua Orem kwa kiunzi na maswali ya Leininger. Kama kesho madaktari wataamua kukata mguu chini ya goti, ningebadilisha kiunzi kiwe Roy siku hiyo hiyo, kwa sababu jambo kubwa litakuwa limehama kutoka kujitunza hadi kukubali mwili mpya. Na sehemu ya kueleza sababu za uchaguzi, ambayo wanafunzi huiacha tupu au huijaza wasifu wa mwananadharia, ningeiandika hivi:

"Nimechagua Orem kwa sababu mgonjwa atarudi nyumbani na insulini, kidonda na mguu usiohisi, na mafanikio yatategemea yeye na binti yake. Nimeongeza maswali ya Leininger kwa sababu chakula, viatu na saumu nyumbani kwake vina utaratibu wake, nami siujui. Nimemuuliza leo saa kumi jioni, binti akiwepo. Majibu yao yako ukurasa wa pili."